Nilivyotumwa Kumpima Wifi Yangu

Kaka yangu alipofariki na mke wake akakataa kulia, mimi ndiye niliyetumwa kwenda kumpima. Si kumpima presha. Kumpima roho.

Nieleze kwanza ilikuwaje nikawa mtu wa kutumwa kazi kama hiyo. Nilifundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, na tangu nistaafu naishi Bakoba, mjini Bukoba, katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu, pamoja na mama yangu mzazi. Sisi ni Walutheri. Usharikani kwetu nilikuwa kwenye kikundi cha maombi cha akina mama, kile kinachokwenda majumbani kuombea wagonjwa na wenye shida. Kila mmoja wetu alijulikana kwa jambo lake. Yupo aliyejulikana kwa kuimba, yupo aliyejulikana kwa kuomba muda mrefu bila kurudia maneno. Mimi walisema nina kipawa cha kupambanua roho. Sikukitafuta. Nadhani kilitokana na ualimu: ukikaa mbele ya watoto miaka mingi unajua yupi ana homa kweli na yupi hakufanya hesabu alizopewa. Tukiingia nyumba ya mtu nilikaa kimya, nikatazama, nikasikiliza, kisha mwenyekiti wetu aliniita pembeni. "Mwalimu, unaonaje?" Nami nilisema hapa pana ugonjwa, apelekwe hospitali, au hapa pana ugomvi wa ndoa, aitwe mchungaji. Mara chache sana, nikiwa sina jibu lingine, nilisema hapa pana kitu nisichokielewa, tuombe.

Wakati ninaousimulia nilikuwa nimechoka. Mama alikuwa ameanza kusahau, kwanza majina, baadaye chakula, baadaye choo. Sasa halali usiku. Anaamka, anatafuta mlango, anasema anachelewa kwenda kuchuma kahawa kwenye kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, ambacho kiliuzwa nikiwa bado msichana. Namrudisha kitandani, namfunika, na kabla sijapata usingizi anaamka tena. Mchana anasinzia kwenye kiti, lakini mchana mimi nina kufua na kupika. Watu waliponiuliza mama hajambo nilisema hajambo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Katika hali hiyo akaja mhubiri mmoja mgeni, akatufanyia semina kanisani. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na alilifahamu Neno. Alifundisha juu ya huruma. Alisema kuna huruma ya Mungu na kuna huruma ya mwili, na hii ya pili ni mlango ulioachwa wazi. Anayeombea watu, alisema, asiingie ndani ya maumivu ya mtu, kwa sababu ukishaingia humo huoni tena; unaanza kusikia anachosikia yeye, unamtetea, na kile kilichomfunga kinakufunga na wewe. Anayemwokoa mtu anayezama hasimami ndani ya maji, anasimama ukingoni na kamba. Akina mama waliitikia kwa nguvu. Mwenyekiti wetu, mfanyabiashara wa vitenge, mwanamke mwenye imani ambayo sijawahi kuitilia shaka, alilia.

Mimi sikulia, lakini mafundisho yale yaliniingia vizuri sana. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Kumbe nilikuwa na ruhusa ya kusimama ukingoni. Mtu akinieleza habari za mtoto wake aliyepotea, si lazima nimbebe mpaka nyumbani kwangu. Kwa mtu ambaye halali, maneno hayo ni kama godoro.

Haukupita muda, kaka yangu akafariki.

Alikuwa akiishi Kimwani, huko Muleba, alikohamia zamani kwa ajili ya mashamba. Kiharusi kilikuwa kimemwangusha miaka mingi nyuma. Hakuweza kusema wala kugeuka mwenyewe. Watoto wake wako mbali, kila mmoja na kazi yake, wanapiga simu. Aliyemlisha, aliyemwosha, aliyemgeuza ili mgongo usioze ni mke wake, yaani wifi yangu, mwanamke mwembamba aliyezaliwa kwenye familia ya Wakatoliki karibu na Rubya, akaja kwetu kwa ndoa, akafuata kanisa la mume wake bila maneno mengi. Kaka alizikwa kwenye kibanja, nyuma ya nyumba. Mama hatukumpeleka. Tulipomwambia mwanawe amefariki alishtuka, akalia kidogo, na jioni akauliza kama kaka amekuja.

Mazishini wifi hakulia. Wanawake walilia wakimshika mabega, yeye akawatazama kama anayesubiri wamalize. Hilo peke yake lingesamehewa. Watu husema mshtuko. Lakini baada ya matanga zikaanza kuja habari. Kwamba analala mchana. Analala popote, kwenye mkeka, kwenye nyasi tunazotandika sebuleni, mara moja walimkuta kalala shambani, jembe liko pembeni, wakadhani amekufa. Kwamba asubuhi moja majirani walimsikia akiimba na kucheka peke yake akipalilia. Kwamba watu wakija kuomba naye anainama vizuri mpaka karibu na mwisho, na kabla ya Amina anainuka na kutoka nje. Hilo la Amina ndilo lililowatisha. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa, alimpigia simu mwenyekiti wa kikundi chetu, na mwenyekiti akaja kwangu.

"Mwalimu, huyu ni wifi yako, lakini twende," alisema. "Mtu anayekimbia Amina, wewe unamwonaje?"

"Sijamwona."

"Ndiyo maana twende."

Mpango ulikuwa hivi. Mimi nitangulie, nikae naye siku chache, nimtazame. Kisha wao watakuja, tukutane nyumbani kwa baba mdogo, niseme nilichoona. Ikiwa ni roho, wifi atachukuliwa akafunge, bila chakula, na kukesha katika maombi mpaka afunguliwe. Binti yangu alikuwa amekuja likizo kutoka Mwanza, kusudi nipumzike. Nikamwachia bibi yake, nikaenda Kimwani.

Nilipofika wifi alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Tulisalimiana kwa Kihaya, ile salamu ndefu, ya hujambo na wa nyumbani na mama. Alinipokea mkoba. Aliniletea maji ya kunawa, akakaa chini mbele yangu, akaendelea na kisu chake.

"Wifi, umetumwa kunipima?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, si kwa hilo.

"Nimetumwa."

"Haya, pima, waitu. Mimi nipo." Waitu ni neno letu la heshima.

Nikaanza. Sijui niieleze vipi kazi ile bila kuonekana mjinga. Nilikaa kwenye kiti nikamtazama anavyotembea, anavyoshika vitu, macho yake yanakwenda wapi nikimtaja Yesu. Nilimtaja mara kadhaa, kama mwalimu anayeuliza swali la mtego. Aliitikia kawaida. Nilisoma zaburi kwa sauti, akasikiliza, akasema ni nzuri. Nilikuwa nimesimama ukingoni na kamba yangu, sina hata tone la maji miguuni. Baada ya chakula cha mchana nikamwambia nataka tuombe, akasema tuombe, na nilipokaribia mwisho nikamsikia akiinuka. Nikafumbua macho. Alikuwa ameshatoka nje, amesimama uani, mgongo kwangu, mikono imelegea pembeni.

Nilisema Amina peke yangu. Kisha nikakaa kwenye mkeka nimsubiri arudi, nimuulize.

Nilipozinduka jua lilikuwa limehama kabisa. Nilikuwa nimelala chali, kichwa changu juu ya mto ambao sikuuweka mimi, nimefunikwa kitenge. Jikoni kulinukia maharage. Mdomo wangu ulikuwa mkavu na shingo ilinikakamaa, na kwa muda kidogo sikujua niko nyumba ya nani. Wifi alikuwa ameketi karibu na ukuta anachambua mchele kwenye ungo.

"Umelala," alisema.

"Nisamehe, wifi. Safari."

"Safari ya kutoka Bukoba mpaka hapa?" Alipuliza pumba, akaendelea kuchambua. "Ulikuwa unakoroma na mdomo wazi. Nikasema, huyu naye aitiwe watu wa maombi."

Nikacheka. Sikutaka kucheka. Yeye naye akacheka, kicheko kifupi, na nikajua ndicho walichokisikia majirani wakakiita kingine.

Akauliza bila kuniangalia, "Mama anaamka sana usiku?"

"Anaamka."

"Anatafuta mlango?"

"Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Wewe kila nikiweka kitu chini unashtuka. Na umekaa umeelekea mlangoni tangu ufike."

Miezi mingi watu walikuwa wananiuliza kama mama hajambo. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kuhusu mlango. Nilikuja na kipawa changu kumtazama mwanamke huyu, na yeye, akimenya ndizi, alikuwa ameshanisoma mzima. Nikamweleza. Nilimweleza harufu, nilimweleza jinsi mama anavyonipiga ninapomvua nguo kwa sababu anadhani mimi ni mtu mwingine, nilimweleza anavyomuulizia kaka kila jioni nami namjibu atakuja. Aliendelea kuchambua mchele wake. Hakusema pole. Alisema, "Ee," kila nilipofika mahali, kama mtu anayepita njia anayoijua na kuona kila jiwe bado liko pale pale.

Nilipomaliza, akaweka ungo chini.

"Unataka kujua habari ya Amina," alisema.

"Ukitaka."

"Kaka yako, siku za mwisho, alianza kulia. Sauti ilikuwa haitoki, lakini machozi yalitoka. Nikimgeuza, analia. Nikimlisha, analia. Sikujua wapi panamuuma, hawezi kusema. Nilimuuliza kwa macho, hapa? Hapa? Akafumba. Asubuhi moja nilikuwa nimeshamwosha, nimebadilisha shuka, nikapiga magoti pale pale kando ya kitanda. Siku zote nilikuwa naomba, Bwana, mponye. Siku hiyo sikusema mponye. Nilisema mchukue. Nikasema na mimi nipumzishe. Nikasema Amina. Nilisema kwa nguvu, wifi, kama tunavyofundishwa. Siku ya pili yake akafa."

Nje kuku walikuwa wanapekua majani. Nakumbuka niliwatazama.

"Nikamfunga mdomo, nikamnyoosha. Kabla sijaita mtu yeyote, nikapanda kitandani kwangu nikalala. Nililala vizuri sana. Nilipoamka ndipo nikaita watu. Sasa wakija hapa wanasema tuseme wote Amina, mimi naogopa. Ile ya mwisho ilisikika."

Najua nilipaswa kusema nini. Nimeyasema mara nyingi katika nyumba za watu: kwamba Mungu ndiye anayetoa uhai na ndiye anayeutwaa, kwamba siku zetu zimeandikwa, kwamba hukumuua. Nikaanza na hilo la mwisho.

"Hukumuua, wifi."

"Najua sikumuua. Mimi si mtoto." Akainua macho. "Nakuuliza kitu kingine. Mungu anajua kwamba nilifurahi?"

"Anajua."

"Halafu?"

"Sijui, wifi. Sijui halafu."

Akaitikia kwa kichwa polepole, na nikaona kwamba jibu hilo lilimfaa kuliko yale mengine niliyokuwa nimeyashika tayari. Ndipo nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu, hata mchungaji. Nilimwambia kuna asubuhi naingia chumbani kwa mama, nasimama mlangoni, natega sikio kama anapumua, na sijui natumaini kusikia nini.

"Ee," alisema wifi.

Mchele ulikuwa umeshachambuliwa lakini aliurudia tena. Baadaye nilimuuliza kama tunaweza kuomba bila kufunga kwa Amina, tuache tu wazi. Akakubali. Niliomba maneno machache, ya kuchoka, sikumbuki hata moja, na nilipofika mwisho tukanyamaza wote wawili. Hakutoka nje.

Siku zilizobaki sikumpima tena. Nililala, yeye akalala. Tulipika, tukapalilia kidogo. Hakunieleza mengine makubwa wala sikumuuliza. Mara moja nilimkuta amesimama kaburini anang'oa majani, nikamsaidia. Ilikuwa likizo ya kwanza niliyopata tangu mama aanze kusahau, na niliipata kwenye nyumba iliyosemekana ina pepo.

Kisha siku ya kikao ikafika. Nyumbani kwa baba mdogo walikaa wazee wa ukoo, mwenyekiti wetu na akina mama kama watatu waliokuja naye kutoka mjini. Wifi hakuitwa, alibaki kwake. Walifungua kwa wimbo na sala. Baba mdogo, mzee mwenye fimbo na masikio mazito, akasema, "Haya mwanangu, tuambie. Umeona nini?"

Nilisimama kama nilivyozoea kusimama mbele ya darasa.

"Nimeona mtu aliyechoka."

"Na nini tena?" akauliza mwenyekiti.

"Basi."

"Kuimba shambani?"

"Amechoka, na amepumzika kidogo, akaimba."

"Na Amina?"

Hapo nilikuwa na jibu, na jibu lile halikuwa langu kulitoa. Nikasema, "Nalijua la Amina. Ameniambia, na nimeridhika. Siwezi kulisema hapa."

Minong'ono ikapita. Mwenyekiti hakunong'ona. Aliniangalia kwa huzuni, na huzuni ile ilinichoma kuliko kama angenikaripia.

"Mwalimu, umeingiwa na huruma."

"Ndiyo."

"Tulifundishwa jambo hili. Umekaa naye, umekula naye, umeshaingia ndani. Sasa huoni. Sikulaumu, ni wifi yako. Lakini tumeletwa hapa ili tuone, na wewe uliyetumwa kuona unatuambia amechoka. Nani ambaye hajachoka? Mimi nimechoka. Roho haiwezi kujificha nyuma ya uchovu?"

Sikuwa na majibu ya kumshinda, na mpaka leo sina. Nimelifikiria swali lake mara nyingi. Inawezekana kweli sikumwona wifi, niliona uso wangu mwenyewe katika uso wake nikautetea. Mtu akitazama ndani ya kisima anaweza kuona maji au anaweza kujiona. Lakini nilikuwa nimejaribu kumtazama kutoka mbali, nusu siku nzima, kwa zaburi na mitego yangu, na kutoka mbali sikuona chochote. Kidogo nilichokiona nilikiona baada ya kulala kwenye mkeka wake na kufunikwa. Na nikafikiri juu ya Bwana wetu mwenyewe, alipofika kwenye kaburi la rafiki yake. Alijua atakalofanya. Hakukuwa na haja ya machozi. Akalia na waliokuwa wanalia, kwanza, halafu ndipo akasema neno. Sidhani machozi yale yalimzuia kuona.

Hayo sikuyasema kikaoni. Ningeyasema yangeonekana mahubiri. Nilisema hivi tu: "Mnataka kumfungisha mtu na kumkeshesha. Mtu ambaye amekesha miaka yote hiyo akimgeuza kaka yangu. Msimkesheshe. Mwacheni alale."

"Na likitokea jambo?" akauliza mzee mmoja.

"Nitakuwepo. Niiteni mimi."

Baba mdogo aligonga fimbo yake chini kidogo kidogo, kama anayejaribu sakafu. Nilidhani hakusikia. Kisha akasema kwa Kihaya kwamba yeye mara zote alipokwenda kumwona kaka yangu alikaa muda mfupi akaondoka, kwa kuwa hakuweza kumtazama, na kwamba mwanamke yule hakuwa na mahali pa kuondokea. Akasema waache kwanza. Hakusema waache kabisa. Kwanza.

Tulirudi Bukoba pamoja, mimi na mwenyekiti, kiti kimoja. Gari liliposimama Muleba mjini alinunua mahindi ya kuchoma, akanimegea nusu.

"Nimeona watu wakifunguliwa, Mwalimu," alisema akitazama dirishani. "Kwa macho yangu. Usinidharau."

"Sikudharau hata kidogo."

"Basi nisaidie kuelewa."

Nilitaka kumsaidia. Lakini kila sentensi niliyoanza iliishia kwenye siri ya wifi, nikala mahindi yangu. Wiki iliyofuata kikundi kiliniomba nipumzike katika huduma ya majumbani kwa muda. Walisema kwa upole, na walitoa sababu ya mama. Nikakubali. Sikuwa na nguvu za kukataa, na ukweli ni kwamba nilikuwa na mama. Lakini Jumapili nilipowaona wakipanga akina nani waende nyumba gani, nami nikiwa na kitabu changu cha nyimbo mkononi, niliumia. Niliondoka bila kusalimia watu.

Wifi alilala karibu msimu mzima. Watu walizoea. Kisha, wakati wa mvua, alinipigia simu mchana. Sikumwelewa mwanzoni, maneno yalikuwa yanakatika. Alikuwa amesogeza kabati ili apake ukuta chokaa, akakuta nyuma yake kijiko kidogo cha plastiki, kile alichokuwa akimlishia uji kaka yangu. Kilipotea akakitafuta sana, akanunua kingine. Sasa amekaa chini nacho mkononi na hawezi kunyamaza.

"Usinyamaze," nilimwambia.

Nikakaa na simu sikioni, mama akiniuliza ni nani, mpaka salio lake likaisha. Nikampigia mimi.

Tangu hapo anakuja Bakoba mara kwa mara. Analeta ndizi, analeta maharage, na anachukua usiku mmoja au miwili ya mama ili mimi nifunge mlango wa chumba changu. Nilikataa mwanzoni, nilimwambia imetosha, wifi, umefanya yako. Akasema mtu mwingine hatajua kumgeuza. Mama wakati mwingine anamtambua na wakati mwingine anamwita Mae, kama tunavyowaita mama zetu, naye anaitikia. Siku moja mama alimshika mkono akamuuliza, kwa akili timamu kabisa, "Mume wako hajambo?"

Mimi ningesema hajambo. Nimesema hivyo mara nyingi.

"Amepumzika, mama," alisema wifi.

Mama akamtazama sana. "Na wewe?"

"Na mimi napumzika kidogo kidogo."

Mama akaridhika, akarudi kwenye usingizi wake wa kitini. Hakuulizia kaka jioni ile. Kesho yake aliuliza.

Sijui mambo ya Amina yaliishia wapi. Sijamuuliza, na kanisani kwao siko.

Juzi, baada ya ibada, mwenyekiti alinifuata mpaka nyumbani. Hatukuwa tumezungumza kwa kirefu tangu safari ile. Aliketi, akakataa chai, akakubali chai. Akaniambia kuna msichana mtaa wa chini, amejifungua, mtoto amefariki, na sasa hataki kumwona mtu, amejifungia. Kikundi kilikwenda, wakaomba mlangoni, wakarudi.

"Sikuja kukuomba ukapime," alisema. Alikuwa anaangalia kikombe. "Nenda tu ukakae naye. Sisi hatujui kukaa."

Nilimwambia ukweli: kwamba sijalala vizuri wiki nzima, kwamba wifi hayupo, na kwamba sina wa kumwachia mama. Sikuwa natafuta sababu. Miguu yangu ilikuwa imevimba na nilitamani mtu anikataze kwenda.

"Nitakaa na mama mimi," alisema mwenyekiti.

"Anapiga."

"Apige."

Alivua saa yake ya mkononi na pete, akaviweka mezani, akafunga kitambaa vizuri kichwani. Nikamwonyesha uji ulipo na usiwe wa moto kiasi gani. Nikamwonyesha jinsi ya kumlaza kwa upande wa kushoto, kwa kuwa wa kulia unamuuma, na jinsi ya kumshika chini ya kwapa bila kumvuta mkono. Alirudia kila kitu taratibu, kama mwanafunzi. Mama alikuwa anamtazama kwa mashaka. Nikatafuta viatu vyangu, nikatoka.